Nyasi za Nishati: Kabla ya Kupanda, Pale Shambani Palikuwa na Nini?

Barua nyingi za safari hii ni za nyasi. Wa Tanzania wanaandika mabingobingo au majani ya tembo, wa Kenya wanaandika nepia; mmea ni uleule, Cenchrus purpureus. Wanaouliza si wafugaji peke yao tena. Wapo wanaotaka kuzigeuza kuwa gesi, vidonge vya kuchomea au mvuke wa kiwandani, na wameanza kusikia neno "viwango". Tumechagua maswali yanayogusana.

SWALI: Wataalamu, salaam. Sisi ni kikundi cha wakulima 100. Kuna mnunuzi anataka tumlimie mabingobingo, ayakaushe na kuyashindilia kuwa vidonge vya kuchomea vya kuuza Ulaya. Anasema ni lazima tufuate viwango vya uendelevu. Ni viwango gani hivyo, na anavitoa nani? (Katibu wa kikundi, Muheza)

JIBU: Ndugu Katibu, mwulizeni kwanza mnunuzi wenu swali moja: cheti anachokitaka ni cha mfumo gani? Akisita, bado hajafika huko, na nyinyi msichimbe shimo hata moja.

Kwa mzigo wa Ulaya, sheria mama ni Agizo la Nishati Jadidifu la Umoja wa Ulaya. La kwanza lilitoka 2009, likaandikwa upya 2018, likarekebishwa tena 2023. Umoja wa Ulaya wenyewe hautoi vyeti. Unatambua mifumo ya hiari ya kutoa vyeti vya uendelevu, kama ISCC na RSB, nayo hufanya kazi na kampuni za ukaguzi zinazokuja shambani. RSB ilianza 2007 huko Lausanne, Uswisi, na ina kanuni 12: uhalali, mipango, gesijoto, haki za wafanyakazi, maendeleo ya vijijini, chakula, hifadhi ya viumbe, udongo, maji, hewa, matumizi ya teknolojia na taka, na haki za ardhi. Mtatajiwa pia ISO 13065 ya 2015, ya shirika la kimataifa la viwango, na viashiria 24 vya 2011 vya GBEP, ushirikiano wa kimataifa wa nishati ya mimea. Hivyo si vyeti vya kubandika kwenye gunia. ISO 13065 inaeleza mambo ya kupima bila kuweka kikomo, na viashiria vya GBEP ni vya serikali kujipima zenyewe.

Wengi hudhani ukaguzi unahusu nyasi. Jambo linaloangusha mashamba mengi ni historia ya ardhi. Agizo la Ulaya linataka kujua Januari 2008 pale palikuwa na nini. Kama palikuwa na msitu, ardhi oevu, udongo wa mboji ya kinamasi au uwanda wa nyasi asilia wenye viumbe wengi, na nyinyi mkapageuza shamba baada ya hapo, nyasi zenu hazihesabiwi, hata mkizilima kwa ustadi wa namna gani. Marekani wana tarehe yao: kwa mpango wao wa mafuta jadidifu, ardhi iwe ilikuwa imesafishwa au inalimwa kabla ya 19 Desemba 2007. Tarehe hizi hazisogezwi kwa barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Angalieni hapo kwenye uwanda wa nyasi. Mtu akisimama kando ya mbuga ya malisho anasema "hapa patupu, tupande nyasi juu ya nyasi, tumeharibu nini?" Mbele ya mkaguzi hapo si patupu. Wala si patupu kwa mfugaji anayepitisha mifugo yake wakati wa kiangazi, ila yeye hayumo kwenye ramani ya mwekezaji. Shamba la zamani la mahindi au mkonge uliochoka lina njia rahisi zaidi.

Ushahidi uandaliwe hivi. Kila mwanachama azunguke shamba lake na simu yenye GPS, achukue alama za pembe zote; nukta moja ya katikati haitoshi. Tafuteni picha za setilaiti za Landsat za eneo hilo za mwaka 2007 na 2008. Zipo bure, na mwanafunzi yeyote wa ramani anaweza kuziweka chini ya mipaka yenu. Ongezeni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama upo, hati za hakimiliki ya kimila, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye tarehe na sahihi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kujifungia ofisini na kugawa ardhi ya wote bila mkutano mkuu, na mkaguzi wa RSB atataka kuona kwamba watu waliridhia kabla, tena bila kushurutishwa. Wasomaji wa Kenya wenye ardhi ya jamii, sheria yenu ya 2016 inataka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima kwenye mkutano wakubali mkataba wa uwekezaji.

Kwa kikundi cha watu 100 mkaguzi hatatembelea mashamba yote. Kawaida huchukua kipeuo cha pili cha idadi, kwa hiyo angalau mashamba 10, na anayachagua yeye. Kati ya hao 10 akimkuta mmoja aliyefyeka msitu, kikundi kizima kinaweza kusimamishwa. Ndiyo maana kikundi kinahitaji mkaguzi wake wa ndani atakayepita kwa wanachama wote 100 kabla ya mgeni. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikeni tarehe ya kupanda, mbolea kwa kilo, dizeli kwa lita, na mzigo kwa tani kila unapotoka shambani. Tani zilizouzwa zikizidi tani zilizovunwa kwenye daftari, cheti kinaondoka siku hiyohiyo.

SWALI: Tunaambiwa nishati ya nyasi haichafui hewa kwa sababu nyasi zinanyonya tena hewa ukaa. Sasa hesabu ya gesijoto ni ya nini? (Mwalimu wa kilimo, Njombe)

JIBU: Ni kweli hewa ukaa inayotoka kwenye jiko ilinyonywa na nyasi, na hesabu inaiweka kuwa sifuri. Kinachohesabiwa ni vingine vyote: mbolea, dizeli, kukausha, lori, na kaboni iliyopotea ardhini siku ulipogeuza shamba.

Tuchukue hekta moja inayotoa tani 15 za nyasi kavu kwa mwaka. Hayo ni mavuno ya mkulima mzuri wa kawaida. Ya shamba la majaribio yako juu zaidi. Kila tani ina takriban gigajuli 17 za nishati (gigajuli moja ni megajuli 1,000), kwa hiyo hekta inatoa gigajuli 255.

Kulinganishwa, joto la mafuta ya kisukuku kwenye sheria ya Ulaya limepangiwa gramu 80 za gesijoto kwa kila megajuli. Mtambo mpya wa joto au umeme unatakiwa kuokoa asilimia 80. Kwa hiyo joto lako linaruhusiwa kubeba gramu 16, basi.

Anza na ardhi. Tuseme ulipogeuza shamba, kichaka kidogo na udongo wake vilipoteza tani 10 za kaboni kwa hekta. Zidisha kwa 44, gawanya kwa 12, unapata tani 36.7 za hewa ukaa. Sheria inazigawa kwa miaka 20, kila mwaka tani 1.83. Zigawe kwa gigajuli 255, kisha kwa ufanisi wa boila wa asilimia 80, unafika gramu 9 kwa megajuli. Zaidi ya nusu ya posho imekwisha na hujanunua hata mfuko wa mbolea.

Sasa mbolea. Tani 15 za nyasi zilizokomaa huondoka na naitrojeni karibu asilimia 1, yaani kilo 150. Ukizirudisha zote kwa mbolea ya dukani, hesabu ya kawaida ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, inasema asilimia 1 ya naitrojeni hiyo inatoka udongoni kama gesi ya naitrasi oksaidi. Hiyo ni kilo 2.36 za gesi ambayo kila kilo yake ina nguvu ya hewa ukaa mara 265: kilo 625. Kiwanda kilichotengeneza mbolea nacho kilichafua, tuchukue kilo 4 kwa kila kilo ya naitrojeni, jumla kilo 600. Ukigawa kwa njia ileile unapata karibu gramu 6.

Tisa na sita, kumi na tano. Imebaki gramu 1 ya trekta, kukausha, kushindilia na kusafirisha. Shamba hilo halipiti.

Ondoa hasara ya ardhi kwa kulima shamba lililokuwa likilimwa, rudisha tope la mtambo wa bayogesi au samadi mahali pa nusu ya mbolea, na hesabu inakaa vizuri. Kwa ardhi iliyochakaa sana ambayo haikuwa ikilimwa Januari 2008, sheria inatoa hata punguzo la gramu 29 kwa megajuli, hadi miaka 20. Lakini uchakavu huo uthibitishwe kwa vipimo vya udongo, chumvi au mmomonyoko. Picha ya shamba lenye vumbi haimshawishi mkaguzi.

Jambo moja la lori, kwa kuwa linasahaulika: nyasi mbichi ni maji asilimia 80. Lori la tani 10 limebeba tani 2 za nishati na tani 8 za maji. Ukikata asubuhi ya jua na kuziacha zinyauke shambani siku mbili tatu ukizigeuza, umepunguza safari bila kuchoma lita ya dizeli.

SWALI: Nina ng'ombe wanne na mtambo wa bayogesi wa mita za ujazo 6, ule wa kuba la matofali. Niliongeza nepia ili nipate gesi zaidi. Wiki ya kwanza ilipanda, ya tatu moto ukawa dhaifu na harufu kali. Kosa ni lipi? (Mama mfugaji, Arumeru)

JIBU: Pole mama. Kosa ni mawili, na yote yanatoka kwenye wingi na ukubwa wa vipande.

Mitambo ya kuba ya aina hii, ambayo CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, imeijenga na kuieneza kwa miaka mingi, iliundwa kwa samadi. Samadi huzama na kutiririka, nyasi huelea. Vipande virefu hushikana juu na kuwa gamba linalozuia gesi kupanda. Pili, nyasi laini huoza haraka na kutoa tindikali kabla vijidudu vya methani havijaweza kuila. Harufu kali na moto dhaifu ni dalili ya tindikali hiyo.

Simamisha nyasi kwa wiki mbili hadi tatu. Endelea na samadi kilo 25 kwa lita 25 za maji kwa siku, nusu ya kipimo cha kawaida cha mtambo wako. Nunua karatasi za kupimia pH na upime tope linapotokea. Ikiwa chini ya 6.5, acha kulisha kabisa siku tatu nne, kisha anza na samadi mbichi kidogo kidogo, unataka 6.8 hadi 7.5. Gamba livunje kwa mti mrefu kupitia bomba la kuingizia, ukisukuma na kuvuta dakika tano kila asubuhi. Likiwa limekauka kama mkeka, mtambo utafunguliwa na fundi. Na hapa tunasema kwa herufi nzito: MTU ASIINGIE NDANI YA KUBA. Humo hamna hewa ya kupumua, na gesi ya harufu ya yai bovu huua kwa pumzi chache. Wala asisogeze moto wala sigara.

Mtambo ukitulia, rudisha nyasi zilizokatwa sentimita 1 hadi 2 kwa mashine, zilowekwe usiku kucha kwenye tope linalotoka. Anza na kilo 2 kwa siku, na baada ya mwezi usizidi kilo 5. Uwe na matarajio ya kweli: kilo 5 za nepia mbichi zina kilo 1 tu ya nyasi kavu, nayo hutoa gesi kama theluthi moja ya mita ya ujazo. Hiyo inapika chini ya saa moja kwenye plate moja. Kwa maoni yetu, nepia hiyo ingepita kwanza tumboni mwa ng'ombe. Atakupa maziwa, na samadi itakupa gesi bila gamba.

Kuhusu viwango, mtambo wa nyumbani hauhitaji cheti, ila uvujaji una uzito kwa wote. Methani ina nguvu mara 28 ya hewa ukaa kwa miaka 100. Mtambo ukivuja asilimia 5 ya methani yake, hiyo peke yake ni karibu gramu 29 kwa megajuli, na tumeona posho ya Ulaya ni 16. Mitambo mikubwa inayoacha tope wazi kwenye bwawa huanguka hapohapo. Paka maungio yote maji ya sabuni mara moja kwa mwezi uone mapovu, na gesi ikijaa bila mtumiaji, punguza kulisha siku hiyo badala ya kuiacha itoke.

SWALI: Boila letu la kukaushia chai lilikuwa likila kuni. Tumejaribu vidonge vya nepia, baada ya siku mbili wavu wa boila umeziba kwa mawe kama chupa iliyoyeyuka. Je, vidonge vilikuwa vibovu? (Fundi wa kawi, Kericho)

JIBU: Si lazima viwe vibovu, ni vya nyasi. Kuni nzuri huacha majivu chini ya asilimia 1, nepia huacha asilimia 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Majivu yenyewe yana potasiamu nyingi na silika. Vikikutana kwenye moto huyeyuka chini ya nyuzi 900, hata karibu na 750, vikipoa vinakuwa hiyo chupa unayoigonga kwa nyundo. Klorini nayo hupanda na moshi na kula mabomba ya boila polepole. Hiyo huioni siku mbili. Utaiona baada ya mwaka, bomba likitoboka.

Kuna mambo ya kumwambia mkulima na mambo ya kufanya kiwandani. Mkulima wa nishati asivune kama mfugaji. Mfugaji hukata nepia ikifika mita 1, wiki ya 6 hadi ya 8, wakati imejaa potasiamu na protini. Wa nishati aiache ifike miezi 6 au zaidi, shina liwe gumu na majani ya chini yaanguke. Ikikatwa, mvua moja juu ya nyasi zilizolala huosha sehemu kubwa ya potasiamu na klorini. Kwa mlisho wa ng'ombe hiyo ni hasara, kwa boila ni faida. Uingereza wanafanya vilevile na miscanthus, nyasi yao ndefu ya nishati: huiacha isimame majira yote ya baridi, huvuna kati ya Februari na Aprili ikiwa kavu, na virutubisho vimesharudi kwenye mizizi. Na asiburute mzigo ardhini. Udongo ni silika ya ziada.

Kiwandani, anza na vidonge asilimia 10 hadi 20, kuni zilizobaki. Punguza hewa ya chini ya wavu kidogo ili joto la kitanda cha moto lisipande sana. Safisha majivu kila zamu, usingoje kesho. Unga wa kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) asilimia 2 hadi 3 wakati wa kushindilia vidonge hupandisha joto la kuyeyuka. Wavu usiosogea hautakubali nyasi asilimia 100, hata ufanyeje.

Unaponunua, taja ISO 17225-6 kwenye mkataba. Ndicho kiwango cha vidonge visivyo vya miti: daraja A majivu yasizidi asilimia 6 na unyevu 12, daraja B majivu 10 na unyevu 15. Pima majivu mwenyewe: sampuli ichomwe nyuzi 550 kwenye tanuri la maabara mpaka uzito usibadilike. Msambazaji anayekataa kipimo hicho ameshakujibu.

Majivu hayo msiyatupe mtoni. Ile potasiamu yote iko humo, na shamba lililotoa nyasi linaihitaji. Tani 15 zenye potasiamu asilimia 2 zimeondoka na kilo 300 kwa hekta, sawa na mifuko 12 ya kilo 50 ya mbolea ya potashi. Tumeona mashamba ya nepia yakiitwa "yamechoka" mwaka wa tatu wakati yaliyochoka ni udongo tu. Kila lori linaloleta vidonge lirudi na majivu yaliyopoa, yasambazwe mbali na mimea michanga. Yakiwa na vipande vya ile chupa iliyoyeyuka yachekechwe kwanza.

SWALI: Makapi ya miwa yanahesabiwa kuwa nishati ya nyasi? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ndiyo, muwa ni nyasi. Ila makapi ni mabaki ya kiwanda, na kwenye hesabu ya gesijoto yanaanza na sifuri pale yanapokusanywa. Mbolea na ardhi vinabaki kwenye sukari. Ndiyo maana viwanda vya sukari hupita kwa urahisi. Kwa shamba la miwa lenyewe kuna kiwango chake, Bonsucro.

SWALI: Huku kwetu nepia ndiyo chakula cha ng'ombe, na imeshapungua kwa ugonjwa. Kampuni ikianza kuinunua kwa ajili ya umeme, mifugo itakula nini? Viwango vinasemaje? (Mkulima, Bungoma)

JIBU: Swali lako ndilo zito kuliko yote ya leo. Kanuni ya chakula ya RSB inasema hivi kwa kifupi: kwenye eneo lenye upungufu wa chakula, mradi haupaswi kuishia kwenye kutodhuru tu, unatakiwa uongeze uhakika wa chakula. Lakini mkaguzi huja siku chache kwa mwaka. Ulinzi wenu ni mkataba.

Hesabu ya lishe ni hii. Ng'ombe wa maziwa mkubwa anakula karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, tani 25 na nusu kwa mwaka. Ekari moja iliyotunzwa inatoa kama tani 30 mbichi. Basi ekari ya kwanza kwa kila ng'ombe isiingie kwenye mkataba, na iandikwe kwa namba. Kampuni inunue kutoka ekari za ziada tu, na mwaka wa ukame mkulima awe na haki ya kuzuia mzigo bila faini. Mkataba unaolazimisha tani kadhaa kwa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, ndio unaomla ng'ombe wako.

Mpanda mahindi kwa mfumo wa vutia-sukuma, ule wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wenye desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde) katikati na mistari mitatu ya nepia pembeni, asiuze mistari hiyo kwa mpigo. Ile nepia inavutia nondo wa viwavi wa mabua watage humo. Ukiifyeka yote siku moja nondo wanahamia kwenye mahindi. Kata mstari wa ndani kwanza, iliyobaki iwe ndefu kuliko mahindi.

Ugonjwa unaousema, kama nepia ikikatwa inachipua kwa majani madogo ya njano, mashina mengi mafupi yaliyosongamana, ni udumavu wa nepia. Husababishwa na fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria, hubebwa na mdudu mrukaji wa majani na zaidi na vipandikizi vya jirani. Haina dawa ya kunyunyiza. Ng'oa shina zima na mizizi, choma, usitupe njiani. Mbegu chukua shamba ambalo limekatwa angalau mara moja na kuchipua vizuri, kwa sababu kabla ya kukatwa mmea mgonjwa huonekana mzima. Fugwe ni tatizo lingine: shina hutoa kichwa cheusi cha unga kabla ya wakati. Kwa hilo aina ya nepia iitwayo Kakamega 1 inastahimili. Kampuni inayogawa vipandikizi kwa lori bila kueleza vilikotoka inasambaza ugonjwa, na hilo ni kosa hata kwa kanuni za viwango.

SWALI: Nina hekta mbili kando ya mto. Afisa mazingira amenikataza kupanda mabingobingo hadi ukingoni, wakati majirani wanasema yanazuia mmomonyoko. Nani mkweli? (Msomaji, Kilosa)

JIBU: Wote wawili. Mizizi yake hushika udongo kweli, ndiyo maana hupandwa kwenye makingamaji. Lakini pingili moja iliyobebwa na mafuriko inaota popote itakapokwama. Marekani, kule Florida, mmea huu uko kwenye orodha ya mimea vamizi. Shirika lao la mazingira lilipoukubali kuwa malighafi ya mafuta jadidifu Julai 2013, liliweka sharti kwamba mzalishaji awe na mpango wa kuzuia usisambae. Kwa Tanzania, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli zinazoharibu. Ndani ya mita hizo acha miti na nyasi za asili.

Nje yake, kata kabla haijatoa mashuke, usitupe mabaki karibu na maji, na safisha trekta na panga shambani kabla ya kutoka. Wauzaji wa Pakchong, aina moja ya mabingobingo, watakwambia ni chotara asiyetoa mbegu. Pingili zake zinaota vilevile. Ukitaka kuacha zao, chimba mashina, subiri machipukizi, chimba tena, na rudi kuangalia baada ya misimu miwili ya mvua.

SWALI: Umeme wa megawati 1 unahitaji hekta ngapi? (Diwani, Mkuranga)

JIBU: Mheshimiwa, kwa mtambo wa mvuke wenye ufanisi wa asilimia 25 unaofanya kazi saa 7,000 kwa mwaka, unahitaji karibu tani 6,000 za nyasi kavu. Kwa tani 15 za hekta ni hekta 400, na ongeza robo kwa njia, mita 60 za mito, mashamba yanayopumzishwa na mwaka mbaya: hekta 500. Mtu akija kuomba hekta 5,000 kwa megawati 1, mwulize zile 4,500 ni za nini, na jibu lake liingizwe kwenye muhtasari wa mkutano.